Malaika Wamekua, Neoni Wanapungua

BARUA

Mshauri, habari za kazi, na pole kwa majukumu.

Nimesita kukuandikia kwa sababu watu wakisikia mtu mzima anakosa usingizi kwa ajili ya samaki wa urembo, wanacheka. Mume wangu alishacheka. Lakini jambo hili limemgusa mtoto, limemgusa shemeji, na sasa hata mazungumzo ya sebuleni yanaishia kwenye tangi. Naomba unisikilize.

Naishi Dar es Salaam, ghorofa ya pili. Nina tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Nililinunua kwa pesa ya kibubu miaka miwili iliyopita. Nilianza na neoni kumi, wale wadogo wenye mstari wa buluu unaong'aa na wekundu upande wa mkia, pamoja na gapi madume watatu, wale wadogo wenye mikia mirefu ya rangi. Filta ni ya sponji, inasukumwa na pampu ya hewa. Hita sina, maana joto la hapa linatosha. Mwaka wa kwanza sikuona shida yoyote.

Miezi minane iliyopita binti yangu alitimiza miaka tisa. Shemeji, mdogo wake mume wangu, akamletea zawadi ya malaika wawili, wale samaki bapa wenye mapezi marefu kama tanga. Mwili wao ulikuwa kama sarafu ya shilingi mia mbili. Duka alikowanunua walimhakikishia kuwa ni samaki wapole, tena jina lenyewe linasema.

Sasa, kutoka ncha ya pezi la juu hadi la chini, wanazidi kiganja changu. Neoni wamebaki sita. Wanne wamepotea mmoja mmoja bila maiti kuonekana: usiku nahesabu saba, asubuhi nakuta sita. Gapi mmoja alikufa, na wawili waliobaki mikia yao imechanika na kingo zake zimekuwa nyeupe nyeupe. Neoni wote wanajibana nyuma ya filta mchana kutwa. Malaika nao wana wiki mbili wanalipapasa bomba la filta kwa midomo, mmoja akitoka mwenzake anaingia. Binti anasema wanalibusu. Mtu akisogeza hata kidole kwenye kona ile, wanamjia.

Maji pia yameanza kunuka. Kwa hiyo kila baada ya Jumamosi mbili namwaga yote, naosha changarawe na sponji bombani mpaka yatoke maji meupe, kisha najaza upya. Kitu kingine, tangu mwaka jana jengo letu linatumia maji ya kisima. Sabuni haitoi povu vizuri na birika linaota ukoko mweupe. Sijui kama hilo linahusika.

Nilikwenda kuuliza kwenye duka la samaki. Nikaambiwa niongeze malaika wawili ili wabanane na ugomvi uishe, au nichukue yule mweusi mwenye mkia mwekundu wanayemwita papa, "awe polisi". Wazo jingine lilikuwa samaki anayenyonya kioo, ati atasafisha maji. Mume wangu anasema samaki ni samaki, mkubwa humla mdogo, niache. Mtoto amewapa malaika majina na hataki kusikia habari ya kuwaondoa. Shemeji huja kila Jumapili, na kabla hajaketi anaenda kwanza kuwajulia hali samaki wake.

Mimi moyo wangu uko kwa neoni. Nikitoka kazini na foleni yote ile, nilikuwa nakaa dakika kumi nawatazama wakigeuka wote kwa pamoja, uchovu unaisha. Sasa natazama filta tu, nao wako nyuma yake.

Naomba unitajie samaki wapole ninaoweza kuwaongeza ili tangi litulie. Na kama ni lazima malaika waondoke, nitamwambiaje shemeji bila kuonekana nimeitupa zawadi yake? Na je, kosa ni langu?

Mama wa Neoni Sita, Dar es Salaam

JIBU

Mama wa Neoni Sita, asante kwa barua, na asante zaidi kwa kutaja vipimo vya tangi na tabia ya maji. Mtu akisema "tangi dogo" na kuishia hapo, jibu huwa la kubahatisha. Wewe umenipa pa kuanzia. Kicheko cha watu kisikusumbue: kiumbe uliyemfungia ndani ya kioo hana pa kukimbilia, na kumuwazia ni sehemu ya kumfuga.

Nikikuelewa vizuri, umebeba mizigo mitatu iliyofungwa kwa kamba moja. Neoni wanapungua na unataka kuwaokoa. Maji yananuka na unajitahidi kuyasafisha. Kisha kuna zawadi ambayo mtoto ameipenda na mtoaji huja kuikagua kila Jumapili. Swali ulilouliza ni moja, niongeze nani? Naomba tulishike kidogo neno hilo "niongeze", maana ndilo linalonitia shaka.

Tupige hesabu. Sentimita 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54, lakini hizo ni za kioo kitupu. Toa changarawe ya sentimita 4 chini, toa sentimita 3 zinazoachwa juu, toa filta na mawe. Samaki wako wanaogelea katika lita 40 hivi, yaani ndoo mbili za lita ishirini. Ndani ya ndoo mbili hizo sasa hivi wamo neoni sita, gapi wawili na malaika wawili wakubwa. Hata yule mpole kuliko wote duniani ukimuongeza leo, anaingia kwenye chumba kilichojaa.

Sasa tuwaangalie malaika wenyewe. Asili yao ni bonde la mto Amazoni, wanakoishi kati ya mizizi na mashina yaliyosimama majini, na ubapa wao ni wa kupenyea humo. Mwili hufika sentimita 15, na kimo cha pezi hadi pezi hupita 20. Kina cha maji yako ni sentimita 23. Wakikomaa kabisa watabaki na nafasi ya upana wa vidole viwili tu kugawana kati ya mchanga na hewa.

Na lile busu la bomba? Binti hayuko mbali na ukweli. Malaika wakifikisha miezi minane hadi kumi na miwili huanza kuchaguana. Walioshikana husafisha jani pana au bomba lililosimama wima, kisha jike hupandisha mayai hapo mstari kwa mstari na dume humfuata nyuma akiyarutubisha. Inaelekea huna tena malaika wawili, una bwana na bibi harusi wanaoandaa chumba. Ndiyo maana wanakijia kidole. Wakishataga watafukuza kila kinachosogea, na katika sentimita 60 hakuna kona iliyo mbali.

Je, dukani walidanganya waliposema hawa ni wapole? Si kabisa. Ukimlinganisha na mbuna wa Ziwa Nyasa, anayeweza kumpiga mwenzake mpaka afe kwa ajili ya jiwe, malaika ni mtulivu. Shida ni kwamba upole na mlo ni mambo mawili tofauti. Malaika hana ugomvi na neoni, kama wewe usivyo na ugomvi na dagaa. Neoni ana urefu wa sentimita 3 hadi 4, mwembamba, anaingia mdomoni. Usiku rangi yake hupauka na yeye hutulia karibu na mimea, na alfajiri kabla hujawasha taa ndipo hesabu inapopungua. Asubuhi moja ukikuta malaika mmoja tumbo limemtuna kabla hujawalisha, na chakula anakitazama tu, utakuwa umepata jibu.

Hata hivyo, nisingependa tuwabebeshe kesi zote nne. Neoni akifa saa nne usiku, hadi kunakucha mwili wake mdogo unaweza kuwa umeliwa na wenzake, neoni wenyewe wakiwemo. Kwa hiyo kukosa maiti hakuthibitishi kwamba aliyepotea aliwindwa. Kuna ugonjwa wa neoni unaosababishwa na kimelea cha kwenye misuli. Kwanza doa la rangi iliyofifia hukata ule mstari wa buluu, baadaye mgongo hupinda, na mgonjwa hujitenga na kundi. Dawa ya kuaminika hakuna, na huenea wazima wanapomla aliyekufa. Wachunguze sita waliobaki kwa tochi, mmoja mmoja. Ukiona doa kama hilo, mtoe siku hiyo hiyo, na usinunue neoni wapya kwanza.

Mshukiwa wa tatu ni maji. Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo unapojituma sana na jitihada zenyewe huenda ndizo zinazoumiza.

Kinyesi na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Bakteria wanaoishi kwenye sponji na kwenye changarawe huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza kuwa nitrati, ambayo haina ukali mwingi na hupunguzwa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, na walio ndani ya maji yenyewe ni wachache sana. Unapoosha sponji na changarawe siku moja mpaka yatoke maji meupe, unawafagia karibu wote. Klorini si lazima iwepo, kukamua tu kunatosha. Wiki mbili baadaye, kabla hawajarudi, unawafagia tena. Tangi lako lina miaka miwili, lakini kila baada ya Jumamosi mbili linarudi kuwa na umri wa siku moja. Harufu inarudi, unaosha zaidi, na mzunguko unaendelea.

Kisima nacho kinahusika. Sabuni kukataa povu na birika kuota ukoko ni dalili za maji magumu, yenye chokaa nyingi, na mara nyingi pH yake, kipimo cha uchachu ambacho katikati yake ni 7, huwa juu ya 7. Kadiri pH na joto vinavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyogeuka kuwa ile inayochoma matamvua. Uchafu uleule ambao maji ya mwaka wa kwanza yaliuvumilia, maji ya sasa hayauvumilii. Kingo nyeupe kwenye mikia ya gapi zinaelekea kwenye kuoza kwa pezi, ugonjwa unaoanza maji yakichafuka. Mkia ulioumwa na samaki mwingine huwa na mkato au pengo, bila weupe. Inawezekana yote mawili yapo, malaika walichana na maji yakamalizia.

Umeuliza kama kosa ni lako. Ulifanya kile ambacho mtu msafi hufanya akinusa uvundo. Kanuni za ndani ya tangi ni tofauti na za sufuria, na mara nyingi mnunuzi huondoka na mfuko wa samaki bila kuelezwa hilo.

Kabla ya kuamua lolote kuhusu nani abaki, badilisha utaratibu huu. Usimwage tena maji yote. Toa lita 10 kwa wiki, robo ya maji, kwa mpira wa kunyonyea uchafu ulio kati ya changarawe. Sponji ikamue mara mbili tatu ndani ya ndoo ya maji hayo hayo uliyotoa, mara moja kwa mwezi, na siku hiyo changarawe usiiguse. Lisha mara mbili kwa siku kiasi kinachomalizwa kwa dakika mbili, na siku moja ya wiki usilishe kabisa, hawatakufa. Ukipata kipimo cha maji cha matone, amonia na nitriti zinatakiwa kuwa 0, na nitrati isipite miligramu 40 kwa lita. Amonia ikionekana, toa lita 10 kila siku mpaka iishe. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, samaki hukosa hewa na bakteria wa kwenye sponji hufa kwa kukosa oksijeni, kwa hiyo pampu ndogo ya betri ina kazi kubwa kuliko samaki yeyote msafishaji.

Na huyo anayenyonya kioo? Anayeuzwa kwa wingi huwa na sentimita 5 dukani na hukua kupita sentimita 40. Hatoi uchafu nje ya tangi, anaugeuza tu kuwa kinyesi chake, tena kingi. Yule "papa" mwenye mkia mwekundu wala si papa, ni jamaa ya ningu wa Ziwa Victoria. Hufika sentimita 12 na akikua hulishika eneo la chini lote akimfukuza kila apitaye. Polisi wa namna hiyo huzidisha kesi. Ushauri wa kubananisha malaika wanne una asili yake: wafugaji wa mbuna hujaza samaki wengi ili vipigo visimwangukie mmoja, lakini hufanya hivyo katika lita mia kadhaa zenye filta yenye nguvu. Ndani ya ndoo mbili, wenzi wawili wataua hao wengine wawili.

Sasa njia zilizo mbele yako. Naziona tatu, na kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni tangi hili kubaki la neoni, malaika wakapata makazi mengine. Hapo ndipo orodha ya marafiki wapole uliyoiomba inapopata maana. Anza na neoni wenyewe: sita ndio idadi ya chini kabisa, wakirudi kumi woga hupungua na utawaona tena katikati ya tangi wakigeuka pamoja. Mara nyingi samaki anayejificha hahitaji rafiki wa aina nyingine, anahitaji wa kwake. Baada ya hapo angalia tabaka. Gapi hukaa juu, neoni katikati, chini ni patupu. Wakaaji wazuri wa chini ni koridorasi, samaki wadogo wenye sharubu wanaotembea kwa kundi wakichokora mchanga. Kuna aina isiyozidi sentimita 3, chukua sita. Wale wa rangi ya shaba hufika 6 au 7. Wakipatikana hao tu, watano wanatosha na mlango ufungwe. Wote wanataka mchanga laini badala ya changarawe yenye ncha, la sivyo sharubu hulika, na wanataka punje zinazozama, zitiwe baada ya kuzima taa ili neoni wasizimalize. Ukiwaona wakipanda juu ghafla kuvuta hewa na kushuka, usishtuke, ndivyo walivyoumbwa. Asiyependa koridorasi anaweza kuweka gurami wa asali mmoja, mtulivu wa sentimita 5. Beta dume, yule wa mkia wa shela, usimchanganye na gapi: akiona mkia mrefu wa rangi hudhani ni dume mwenzake.

Bei ya njia hii ni maji. Neoni na koridorasi ni wa maji laini. Wale wa madukani huzalishwa mashambani na huvumilia ugumu kiasi, ila kisima chako kinaonekana kimepita kiasi. Unaweza kuchanganya nusu kwa nusu na maji ya dumu yaliyochujwa chumvi, au maji ya mvua wakati wa masika. Ya mvua yakinge kwa beseni lililowekwa wazi baada ya robo saa ya kwanza ya kunyesha. Ya kwenye bati yana vumbi, na bati lenyewe huachia zinki. Badiliko liwe la polepole, lita 10 za mchanganyiko kila wiki, maana kuruka kutoka maji magumu hadi laini kwa siku moja huua kama sumu. Tena neoni hupenda nyuzijoto 22 hadi 26, na Februari ya Dar maji sebuleni hukaribia 30. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji huyashusha nyuzi mbili tatu. Maji yakipungua kwa mvuke, jazia yale laini, kwa kuwa chokaa haipai na mvuke.

Ya pili ni kuwajengea maharusi nyumba yao. Tangi la sentimita 100 kwa 40 kwa 50 ni lita 200. Maji peke yake ni kilo 200, ukiongeza kioo na mchanga zinakaribia 250, kwa hiyo liwe kwenye meza ya mbao nzito au chuma, kando ya ukuta, na kwenye ghorofa umuulize mtaalamu wa jengo kwanza. Mtoto atafurahi, shemeji atafurahi, neoni watapumua. Gharama ni kubwa, umeme unaongezeka, na kazi ya ndoo inaongezeka. Jiulize ni nani hasa atakayebeba ndoo hizo. Ujue pia kwamba katika maji magumu mayai ya malaika mara nyingi hugeuka meupe na kuoza, wazazi wakayala. Mwandae binti mapema.

Ya tatu inaanza na bomba lako: kuyakubali maji ya kisima na kufuga wanaoyapenda. Gapi ni mmoja wao, pH 7 hadi 8 na maji magumu humnenepesha. Madume saba au nane bila jike ni rangi tupu na hakuna kuzaliana. Ukiweka jike mmoja aliyekwisha kupandwa, hutunza mbegu miezi kadhaa na kuzaa kila baada ya wiki nne hivi. Au kuna hazina ya hapa hapa nyumbani. Ziwa Tanganyika lina samaki wadogo wa sentimita 3 hadi 5 wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, na maji ya ziwa lile ni magumu, pH inakaribia 9. Kundi la sita, mchanga wa sentimita 5, makombe kumi na tano, na sentimita 60 zako zinatosha; watachimba, watahamisha mchanga kwa mdomo, watalea. Lakini hao hukaa peke yao, hawachanganywi na neoni. Onja pia maji ya kisima: yakiwa na chumvi ya kukolea ulimini, gapi atayaweza, hao wa Tanganyika hawayataki. Bei ya njia hii unaijua mwenyewe, ni kuagana na neoni, na moyo wako umeniambia uko wapi.

Wakati unafikiri, kipande cha wavu mgumu wa plastiki kinaweza kulikata tangi, sentimita 20 za neoni na gapi, 40 za malaika, filta ibaki upande wenye samaki wakubwa na maji yapite. Ni suluhisho la wiki chache. Vyovyote utakavyoamua, malaika wasiachiwe mtoni wala bwawani.

Nije kwa shemeji. Umeandika kana kwamba ataona umeitupa zawadi, lakini je, amewahi kusema lolote la namna hiyo, au ni wewe unayemsemea? Mtu anayewajulia hali samaki kabla hajaketi ni mtu anayewapenda. Huenda hajaambiwa kwamba wamebanwa. Una bahati kwamba kati yako na shemeji kuna utani, utumie. Mpeleke kwenye kona ya bomba, mwonyeshe, umwambie: "Shemeji, wale watoto uliotuletea wamekua, wanataka kuoana, na wewe ndiye mshenga. Nyumba yao iko wapi?" Anaweza kuchangia tangi kubwa, anaweza kumjua mwenye nafasi, anaweza kuwachukua kwake na binti akawa mgeni wa kila mwezi. Anaweza pia kununa kidogo. Hilo nalo linawezekana, na litapita haraka zaidi akiambiwa kabla samaki hawajaondoka kuliko akikuta kona tupu.

Kwa binti, usianze na kuondoa. Mpe daftari. Kila jioni ahesabu neoni, kila asubuhi ahesabu tena, aandike namba mbili. Aandike pia siku atakapoona mayai kwenye bomba. Mtoto wa miaka tisa aliyejiandikia namba mwenyewe huzungumzika tofauti na aliyeletewa uamuzi mezani.

Ukifika wakati wa kuongeza mtu yeyote, ngoja kwanza wiki mbili mfululizo pasipo kifo na amonia ikiwa 0. Wageni wakae wiki tatu hadi nne kwenye ndoo safi ya lita 20 yenye sponji ndogo uliyoilaza ndani ya tangi kuu siku kadhaa ipate bakteria. Siku ya kuwahamisha, watie kwenye mfuko wenye maji ya ndoo, uache uelee ndani ya tangi dakika 20, kisha ongeza robo kikombe cha maji ya tangi kila dakika tano kwa nusu saa, uwanyanyue kwa wavu na maji ya mfuko yamwagwe chooni. Taa iwe imezimwa. Aina moja kwa wakati, na kati ya aina na aina wiki mbili.

Kabla ya Jumapili hii, kata wavu, wapime gapi kwa macho kama weupe wa mkia unapanda au umesimama, na Jumamosi toa lita 10 tu. Sponji iache.